Ngiri na Sheria ya Hewa Huru

"Enyi mlioketi, masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Na nyoyo je, au mmeziacha nyumbani?"

"Tunazo, tupe!"

Haya, pokeeni. Na mwenye kukohoa akohoe sasa, asije akanikatiza.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na miji, na miji ikawa na magari, palikuwa na nchi iitwayo Bonde la Mwanzi. Magari ya nchi ile yaliunguza mafuta ya mbarika, na moshi wake ulikuwa mweusi, mzito, wenye kuwasha. Kwa hiyo wazee waliotangulia wakaweka sheria: kila bomba la moshi livae chujio la makumbi ya nazi yaliyoloweshwa maji. Kila mwezi mzee Kakakuona, aliyekuwa mkaguzi, alikuja na kitambaa cheupe, akakifunga mdomoni mwa bomba. Kitambaa kikibaki cheupe, gari lilikwenda. Kikigeuka cheusi, gari lililala.

Basi alikuwapo Ngiri, mwenye magari arobaini na mkia usiojua kushuka. Ngiri alichoka kuosha machujio. Msimu mmoja wa mavuno aliomba ruhusa ya kuyavua kwa wiki moja tu, akapewa. Wiki moja tu! Na katika wiki hiyo Bi Chozi, ndege mdogo mwenye kiota juu ya barabara ya sokoni, alizika makinda mawili. Akabakiwa na mmoja, Tunu, ambaye kifua chake kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi.

Mavuno yakaisha, machujio yakarudi. Lakini Ngiri alikwisha kuonja raha. Akaenda barazani mbele ya Nyati, mwenyekiti, ambaye alikuwa na desturi ya kusinzia tangu sala ya ufunguzi hadi chakula.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Ngiri, "naleta mswada. Jina lake ni Sheria ya Hewa Huru."

"Jina zuri," akasema Nyati, macho yamefumbwa. "Inasemaje?"

"Inasema machujio yaondoke. Moshi umefungwa miaka mingi, mheshimiwa. Moshi nao ni kiumbe cha Mola! Una kosa gani hata uvalishwe kizuizi mdomoni?"

Wajumbe wakapiga makofi. Walikuwa wanatafuna karanga, na karanga zilitoka kwa Ngiri.

Bi Chozi akashuka mbele yao. "Waheshimiwa, mwanangu hataumaliza mwezi."

"Hamisha kiota, shangazi," akasema Ngiri. "Nchi ni pana, nawe una mbawa."

"Mimi ninazo. Yeye bado hana."

"Basi mwambie apumue kidogo kidogo."

Wakacheka. Mzee Kakakuona hakucheka. Akakunjua kitambaa chake, akasema, "Mheshimiwa, mmeisahau desturi. Katika nchi hii sheria huonjwa kabla ya kutiwa muhuri, kama mpishi aonjavyo mchuzi kabla ya wageni. Huonjwa mara tatu: mara mbili mahali apendapo mwenye mswada, na mara ya tatu mahali apendapo mwenye kupinga. Na kila mara mwonjaji aseme kwa pumzi moja: 'Nimeionja, ni njema, nawaachia wanangu.'"

"Naam, ndiyo desturi," akasema Nyati, akarejea usingizini.

Mara ya kwanza Ngiri alichagua mlima wenye upepo. Machujio yakavuliwa, yakatupwa shimoni. Magari arobaini yakapanda, Ngiri katika gari la kwanza, kifua mbele, upepo usoni. Alipofika kileleni akanguruma, "Nimeionja, ni njema, nawaachia wanangu!" Wajumbe wakapiga makofi.

Mara ya pili alichagua siku ya mvua kubwa. Mvua ikauosha moshi kabla haujapanda hata dhiraa moja. Ngiri, katika gari la kwanza, akanguruma, "Nimeionja, ni njema, nawaachia wanangu!" Wajumbe wakapiga makofi, na karanga zikaongezwa.

"Haya, shangazi," akasema Ngiri, "nipeleke upendako. Hata kuzimu, mradi niwe mbele."

"Sina haja ya kukupeleka mbali," akasema Bi Chozi. "Kizunguke kilima cha soko mara saba, kwa barabara ile ipitayo chini ya kiota changu. Nawe uwe mbele kama ulivyozoea. Na waheshimiwa wapande pamoja nawe."

"Kwako mwenyewe?" Kakakuona akamnong'oneza. "Na mtoto?"

"Kuna mahali gani pengine watakapomwona?"

Akaruka hadi shimoni, akanyofoa makumbi katika chujio lililotupwa, akayalowesha kijitoni, akayafunga mlangoni mwa kiota. Kisha akaketi nje, kifua chake kikiwa pazia la pili.

Mara ya tatu ikaanza. Siku hiyo hapakuwa na upepo wala wingu. Ngiri mbele na wajumbe wote, Nyati akisinzia kati yao, magari thelathini na tisa nyuma. Barabara ile ni duara, wanangu, na magari arobaini yaliijaza kama shanga katika uzi. Mzunguko wa kwanza, Ngiri alicheka. Mzunguko wa pili, macho yakatoka machozi. Mzunguko wa tatu, wajumbe wakatema karanga.

"Simamisha!" akalia Ngiri. "Dereva, simamisha!"

Kakakuona akaja na kitambaa puani. "Mizunguko haijatimia, bwana. Lakini ukitaka, sema maneno."

"Nimeionja..." Akakohoa.

"Sema."

"Nimeionja, ni nje..." Akakohoa hata mkia ukashuka.

"Mara ya mwisho, bwana."

"Nimeionja, ni njema, nawaachia wa... wa..." Na pumzi ikamwishia kwenye neno lile. Akaketi chini, akafoka, "Kosa si la sheria! Kosa ni la gari lililo mbele yangu!"

"Gari lililo mbele yako," akasema Kakakuona, "ndilo gari lako la mwisho."

Hapo Nyati akafumbua macho. Wengine wasema ndiyo mara ya kwanza tangu achaguliwe. Akatazama juu. Bi Chozi alikuwa mweusi kama mkaa, bado ameketi pale mlangoni. Ndani ya kiota filimbi ilikuwa ikisikika, nyembamba, lakini ikisikika.

"Mswada umeanguka," akasema Nyati, akikohoa. "Machujio yarudi leo hii, na Ngiri ayaoshe kwa mikono yake."

Tunu akaumaliza mwezi. Akaumaliza na wa pili, na katika wa tatu akaruka.

Mafunzo yake ni haya, wanangu: pumzi ni amana ya Mola kwa kila kiumbe, na asiyethubutu kuivuta hewa anayoitengeneza hana haki ya kuwagawia wenziwe.

Nami nimefika nilipotumwa. Lililo tamu lichukueni, lililo chungu lifikirieni, na mimi niacheni nivute pumzi.