Lumbesa ya Machungwa

"Lumbesa haibebwi, hugawanywa." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, na sasa mnataka kujua methali hii ilitoka wapi. Ilianza hivi, na mimi nilikuwapo, tena na mimba ya miezi saba.

Baba yenu ndiye aliyekuwa tumboni, na damu yangu ilikuwa imepungua hadi nakaribia kuanguka. Muuguzi akaniambia nile matembele kila siku na chungwa juu yake. Matembele yalijaa nyuma ya nyumba. Machungwa, loo, hayo yalikuwa ya wenye magari. Mzee Shekiondo pale sokoni aliyauza kwa lumbesa tu, gunia lililojazwa likavimba mpaka likashonewa kofia. Wachuuzi waliyanunua kwake, wakatupangia mafungu ya matatu matatu kwa bei ya kuumiza. Yaani sisi tusio na kitu ndio tuliolipa zaidi. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Siku hiyo mama yangu, Mwanaidi, alimwomba mzee amfungulie gunia, amuuzie machache. Akakataa katakata. Aliamini uzi wa gunia ukikatwa pale anapouzia, riziki yake ya siku nzima imemwagika.

Mama akageuka aondoke. Mara akawaona wanawake wenzake wamesimama mbele ya mafungu, kila mmoja ameshika fundo dogo la pesa kwenye pindo la kanga, kama lake. Akawaita palepale.

"Bi Tunu, fungua hilo fundo. Na wewe, shoga, njoo. Njooni upesi."

Mafundo kumi yakafunguliwa. Shekiondo akapokea, macho yamemtoka. Mchukuzi akaja mbio na mkokoteni.

"Lumbesa hii namchukulia nani?"

"Haibebwi hiyo, mwanangu," mama akamjibu, kisu kiko mkononi. "Inagawanywa."

Wakaiburuta hadi nje ya lango la soko, riziki ya mzee isimwagike, wakakata uzi. Machungwa yakabiringika huku na huko, vigelegele vikapaa. Nilikula la kwanza palepale, maji yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikalia kwa furaha.

Wiki iliyofuata wanawake walikuwa thelathini. Na mimi nilijifungua salama bila kuongezwa damu hata tone.

Basi kitu kikikushinda bei, usikitolee macho peke yako. Mtazame aliyesimama kando yako naye anakitamani. Lumbesa haibebwi, hugawanywa.