Dawa ya Kikohozi Bila Kikohozi

Wahenga hawakuwa na haya walipotunga methali, na hii ya mficha uchi hazai wengi wetu huitamka kwa kunong'ona. Maana yake ni kwamba anayeficha shida yake hapati wa kumsaidia. Fundi cherehani wa hadithi hii, mke wa mchomelea vyuma, aliijua tangu shuleni. Kuifuata ndiko kulikomshinda.

Alikuwa hodari wa kazi yake, maharusi wa mtaa mzima wakipita mikononi mwake, lakini miaka ilikwenda bila yeye kushona nguo ya mwanawe. Siku moja mteja alimdokezea kuwa dawa ya kikohozi, hii hii ya dukani, hulainisha njia ya uzazi na mimba ikashika. Fundi aliona aibu kuuliza zaidi. Alikwenda duka la dawa, akajikohoza.

"Kikavu au chenye makohozi?" mfamasia akamwuliza.

Makohozi angeyatoa wapi? "Kikavu," akajibu.

Basi akanywa chupa baada ya chupa, na kwa kuwa mama mkwe aliziona, ikambidi akohoe na nyumbani. Alikohoa kwa bidii hata wateja wakaanza kupeleka vitambaa kwingine. Mama mkwe, aliyempenda kama binti wa kumzaa, akakosa raha. Asubuhi moja alimshika mkono, akamwita na mwanawe mchomelea vyuma, wakaongozana hadi kwa yule mfamasia.

"Mwanangu huyu anatuishia," mama mkwe alisema mbele ya foleni. "Hiki si kifua kikuu kweli?"

Fundi alimtazama mumewe. Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini alikuwa amechoka kukohoa.

"Sina kikohozi, mama," alisema, na hata wa mlangoni wakasikia. "Natafuta mtoto."

Mfamasia akaweka chupa chini. "Dada, niliyokupa hutuliza kikohozi kikavu tu. Inayosemwa mitaani ni ile ya kulainisha makohozi, na hata hiyo ushahidi wake ni haba. Nendeni hospitali mkapimwe. Wote wawili."

Mtu mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. Mchomelea vyuma akamgeukia kwa macho makavu.

"Cheka, ndugu yangu. Mke wangu amesema ukweli mbele yenu nyote. Mimi nitaogopa kikopo cha maabara?"

"Huyo ndiye niliyemzaa!" mama yake alidakia, kifua mbele.

Walipimwa. Kumbe tatizo lilikuwa la mume: maambukizi ya siku nyingi, nayo yana tiba. Alimeza dawa zake mchana kweupe, karakanani, mbele ya wenzake, na aliyetaka kuuliza aliambiwa.

Sasa mama mkwe humpitisha mjukuu wake duka la dawa hata asipokuwa na cha kununua.

"Bibi, huyu ni wa chupa ipi?" mfamasia humtania.

"Si wa chupa," hujibu kwa majivuno. "Huyu ni wa mama aliyefungua kinywa na baba asiyeona haya kumfuata. Mficha uchi hazai!"