Nani Amshike Mkono Mshona Kofia

Hapo zamani, wakati habari za mji mzima zilipitia pembe moja na kinywa cha mtu mmoja, palikuwa na mshona kofia akiitwa Kijoli, mzee mpole, mcheshi, mikono yake haitulii. Siku moja Jumbe, mtawala wa mji, alimwita aje kumpima kichwa, akambakiza wale pilau pamoja na wageni wengine. Kijoli alipoondoka tu, pete ya Jumbe haikuonekana.

Asubuhi Mbaruku mpiga mbiu akapuliza pembe sokoni. "Pete ya Jumbe imeibwa. Mshona kofia alikuwemo ndani." Mpiga mbiu alilishwa na wasikilizaji, na habari ikinoga, kapu lake linajaa. Siku hiyo lilifurika. Basi kesho yake akaongeza kwamba Kijoli alitoka mbio. Keshokutwa akaongeza kwamba alikuwa amekunja ngumi. Kapu likataka mchukuzi.

Mji ukawaka. Waliovaa kofia zake wakazivua, wakazitupa mitaroni. Wasiomjua hata kwa sura wakawa wanaonyesha jinsi ngumi ilivyokunjwa. Na aliyetajwa na pembe katika mji huo, akipiga hodi haitikiwi, na siku ya saba anatolewa mjini asirudi tena. Kijoli alizaliwa pale, wazazi wake wamezikwa pale. Roho ilimuuma sana.

Mwanamkasi, mkewe, hakuwa na ushahidi wowote. Lakini kila jioni Kijoli alipopiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, aliitikia, "Karibu, mume wangu," kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mtaa mzima ukamnunia, naye hakuipunguza sauti yake.

Huko sokoni, kila pembe ilipolia, Bi Mize muuza vitumbua aliuliza lile lile.

"Bwana Mbaruku, wewe ulimwona?"

"Nimeambiwa."

"Na aliyekwambia, alimwona?"

Watu wakamzomea, wakaacha kununua vitumbua vyake. Kesho yake akauliza tena.

Siku ya sita swali likamkaa Mbaruku kooni. Akaenda kwa Jumbe, akauliza huyu na yule, mpaka akamfikia mama aliyewanawisha wageni.

"Jumbe huvua pete akinawa, huiweka ukingoni mwa beseni," mama yule akasema. "Nami maji ya kunawia huyamwaga mgombani. Hakuna aliyeniuliza."

Mbaruku akafukua shina la mgomba kwa vidole. Pete ikatoka na matope yake.

Angeweza kutangaza kwamba mwizi ameirudisha, maana mpiga mbiu akikiri uongo huvunjiwa pembe, hapulizi tena maishani. Lakini alipuliza mara ya mwisho, akasema, "Kijoli hakuiba. Mimi nilisema nisilolijua." Pembe ikavunjwa mbele yake, akalia kama aliyefiwa.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi moja ninayoipenda. Aliyesingiziwa huzungushwa sokoni akiwa ameshikwa mkono wa kushoto na mtu aliyemrudishia jina lake. Mtu mmoja tu, kwa sababu mkono wa kulia ni wa kupokea salamu za waliomkosea.

"Nimshike mimi," alisema Mbaruku. "Nilimchafua, sikatai. Lakini pete nimeichimba mimi, na kazi yangu imekwenda."

"Ungechimba wapi nisingekuuliza?" akasema Bi Mize. "Mimi sifichi, nilidhani huenda kaiba. Lakini sikukubali kuambiwa tu."

Mwanamkasi akasema, "Ninyi mlingoja pete ionekane. Mimi sikungoja."

Kijoli akawatazama. Akimchukua mkewe, soko litasema mke humtetea mumewe siku zote. Bi Mize alimshuku, na bila yeye angekuwa njiani na mzigo wake. Mbaruku alimzamisha, kisha akazama mwenyewe ili amtoe. Machozi yalimtoka mzee wa watu, kwa kuwa wote watatu aliwapenda pale pale. Akanyoosha mkono wa kushoto, na mikono mitatu ikaujia.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, soko limejaa na watu wanangoja kumsalimu: ashike mkono wa nani?