Pimbi, Kiboko na Matairi Yanayonata

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa gari lisilo na breki!"
"Lipisheni lipite!"
"Nitie moto nisitie?"
"Tia, tumeshapanda!"

Haya. Hapo kale, wanyama walipokwisha kuchoka kwenda kwa miguu, kila mmoja alikuwa na gari lake la shughuli. Kanga alibebea mayai. Ngiri alibebea mihogo. Pimbi, mama asiye na mkia wala makuu, alibebea wanawe na matandiko yao. Siku za kazi magari yalikwenda kazini. Siku ya mavuno, magari hayo hayo yalishindana kupanda barabara ya Jabalini, ambayo ni mwamba mtupu kutoka chini hadi juu.

Aliyeshinda alifungua shamba la miwa. Wote walikuwa wamelima, wote walikuwa wamepalilia. Mshindi alikata wa kwanza mpaka ashibe, kisha wenzake wakafuata. Ndivyo walivyopatana, na mambo yalikwenda vizuri, mpaka aliposhinda Kiboko.

Kiboko akakata wa kwanza. Akala. Kratu, kratu, kratu! Jua likapanda, anakula. Jua likashuka, anakula. Alipotosheka palibaki majani, na wenzake wakarudi nyumbani wakiyalamba.

Alishindaje, na uzito ule? Alishinda kwa matairi. Alikuwa na matairi ya kila siku, magumu kama ya wenzake, na alikuwa na mengine laini kama ugali wa moto, yanayonata kama gundi. Hayo hakuyatumia safarini. Yalifungwa kwa majani ya mgomba, yakaletwa kwa mkokoteni mpaka mstari wa kuanzia, na hapo ndipo alipobadilisha. Wenzake waliteleza kwenye kona. Yeye alipita, nyaaa! Utadhani amebandikwa.

Wanyama wakaita kikao. Mwenyekiti alikuwa Bi. Kobe, aliyeaminika katika mambo ya mbio kwa kuwa hakuwa na haja nayo.

"Tairi la mashindano liwe na meno," alisema Ngiri.

Kanuni ikapita. Kiboko akachukua kisu, akachonga meno mawili matatu. Akashinda. Akala miwa yote, kratu, kratu, kratu!

Msimu uliofuata Kanga alisema, "Tairi lisiwe jipya."

Kanuni ikapita. Kiboko akayabingirisha matairi yake uani, akasema yameshatumika. Akashinda. Akala miwa yote, kratu, kratu, kratu!

"Basi liwe tairi la dukani," alisema Ngiri, "ambalo yeyote anaweza kulipata."

Kanuni ikapita. Kiboko akafungua duka. Asubuhi akajiuzia matairi yote, adhuhuri akafunga duka. Akashinda. Akala miwa yote, nanyi mnajua alivyokula.

Kanga akasimama tena, manyoya yamemsimama. "Tairi lipimwe kwa ukucha! Ukucha ukizama, ni laini mno."

"Ukucha wa nani?" aliuliza Kiboko. "Wako au wangu?"

Hapo kikao kikaahirishwa.

Pimbi alirudi kwake, chini kabisa ya jabali. Kitinda mimba wake akamwuliza, "Mama, muwa una ladha gani?"

"Kama asali, ila unatafuna."

"Na asali ina ladha gani?"

Pimbi akaketi akitazama nyayo zake. Nyayo za pimbi zina unyevu. Hushika mwamba hata wima. Lakini akishuka nazo mchangani, hurudi na mchanga wote. "Kinachonata hakichagui," akajisemea, na kikao kilipoitwa tena akawahi.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi niko upande wa Mzee Kiboko."

Wenzake wakaguna. Mmmh!

"Kanuni zote hizi ni usumbufu. Zifutwe. Kila mtu aje na tairi analolitaka. Ila mzee wetu naye alindwe. Nasikia wako wanaotaka kuazima matairi laini, wayabadilishe palepale mstarini, wamshinde kwa ujanja."

Kiboko akatoa macho. "Nani hao?"

"Siwataji, mzee, nisije nikazua ugomvi. Semeni tu kwamba tairi utokalo nalo nyumbani ndilo la kushindania, marufuku kubadilisha."

"Naunga mkono!" Kiboko akapiga meza, pwaa! "Na atakayebadilisha asionje muwa!"

"Maneno ya nani hayo, niyatangaze?" aliuliza Bi. Kobe.

"Yangu!"

Kanuni ikapita.

Siku ya mavuno Kiboko alitoka mtoni na matairi yake laini. Njia ya mtoni ni ndefu, mwanzo mchanga, katikati mbigili, mwisho changarawe. Matairi yaliokota mchanga, fyu fyu. Yakaokota mbigili, chomo chomo. Yakaokota changarawe, kwaru kwaru. Alipofika mstarini yalikuwa kama vitumbua vilivyodondokea jivuni.

"Leteni yale magumu!" alifoka.

"Mzee," alisema Bi. Kobe taratibu, "atakayebadilisha asionje muwa."

Kiboko akatazama huku na huku. Akamwona Pimbi ameinama, kopo mkononi.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Napaka matairi, mzee."

"Unapaka nini?"

"Ulimbo."

"Mwenyekiti! Kanuni inasemaje?"

"Kanuni ipi? Tulizifuta, nawe ulipiga kura. Imebaki ya kubadilisha tu. Pimbi, umebadilisha?"

"Sijabadilisha, Mwenyekiti. Ni yale yale yaliyotoka nyumbani."

Bendera ikashuka. Kigari cha Pimbi kikapanda, nyaaa! Kona hii nyaaa, kona ile nyaaa! Gari la Kiboko likapanda kidogo, kwaru, likasimama, likaanza kurudi kinyumenyume, polepole, kwa heshima zake, mpaka likaketi mtaroni. Wenzake walimpungia mkono wakipita.

Pimbi akafungua shamba. Tumbo la Pimbi ni dogo, hilo ni kweli, lakini wanawe ni wengi, na wote walikuwa hawajawahi kuonja. Kratu, kratu, kratu! Jua likapanda. Jua likashuka. Kanga na Ngiri walisimama ukingoni wakingoja zamu.

"Msimu ujao," alisema Ngiri, akimeza mate, "tuweke kanuni ya ulimbo."

"Naunga mkono," alisema Pimbi, mdomo umejaa. "Ila ulimbo wa mti gani?"

Hadithi yangu imekomea hapa. Iliyo tamu tafuneni, makapi niachieni mimi.

Na funzo lake, watoto, ni hili: hila haina faida. Heshimuni kanuni, na mkimwona mtu anashinda kila mara, jueni ni bidii yake tu.