Nani Apewe Randa ya Fundi Singano

Sogeeni karibu, na aliyechoka aegemee ukuta. Hadithi hii ni ya watu waliochoka, na atakayeisikiliza hadi mwisho ataachiwa kazi.

Alikuwapo fundi seremala, Mzee Singano, mwenye karakana nyuma ya nyumba yake huko milima ya Usambara, mahali ambapo hata uwanja wa nyumba umeinama. Alifanya kazi na watu watatu wa nyumbani.

Wa kwanza ni Mandia, binti yake, aliyerudi kwa baba na watoto wawili baada ya ndoa kuvunjika. Huyo alijaliwa jicho la kuzijua mbao. Aligonga ubao kwa kidole, akakuambia kama una ufa.

Wa pili ni Hoza, mpwa wa mzee kwa dada yake, aliyeshinda karakanani miaka kumi na mmoja bila kuwa na kona iliyo yake. Huyo alijaliwa subira ya kupima. Hakukata mti kabla ya kuupima mara tatu.

Wa tatu ni Zaina, mjukuu wa miaka kumi na sita, binti wa kaka yake Mandia, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki. Huyo hakujua bado kuchagua wala kupima. Ila akiambiwa shika, alishika.

Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Katika ukoo ule wa mafundi, anayekabidhiwa randa ya mkubwa, ile ya kulainishia mbao, ndiye anayebaki na karakana, meza na wateja. Wengine humwomba kazi au hutafuta pengine. Randa ni moja. Wote watatu walilijua hilo.

Mwaka huo, masika yakikaribia, boriti ya ukingoni mwa paa la karakana ilikutwa imeliwa na mchwa. Ngazi ya zamani nayo ilikuwa imeoza. Mandia akatumwa gulioni kununua ngazi.

Alikwenda gulio la kwanza, akarudi mikono mitupu. Akaenda la pili, akarudi vilevile. Ni saa tatu kwa miguu kwenda, na kurudi ni kupanda mlima. Ngazi iliyokuwa ikisifiwa na kila mtu ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, inang'aa. Mandia aliigonga, akaigeuza, akamwambia muuzaji kwamba haitaki. Muuzaji akamuuliza kama amekuja kununua ngazi au kuposa.

"Mtu akipaka poda usoni sana, mimi huuliza anaficha nini," Mandia akasema.

Gulio la tatu alirudi na ngazi ya mtiki isiyo na rangi, chafu kwa vumbi, ameibeba begani. Alikuwa ameipitia kipago kwa kipago, akasimama juu ya kila kimoja mbele ya watu, nao wakamcheka. Ile ya buluu alikuwa ameinunua jirani yao. Siku ya nne baada ya kuinunua, jirani huyo alipanda mparachichi, kipago kikakatika penye ufa uliokuwa umefunikwa na rangi, akavunjika mkono.

Ilipofika siku ya kazi, Hoza akaanza kuisimamisha ngazi. Asubuhi yote iliishia hapo. Alipima kwa kamba: kila mikono minne kwenda juu, mkono mmoja kutoka ukutani. Kwa kuwa uwanja ulikuwa umeinama, alichimba kwa jembe upande wa juu, akalaza jiwe bapa upande wa chini, kisha akapigilia vigingi nyuma ya miguu ya ngazi ili isiteleze kwenye udongo mwekundu. Mzee alikaa juu ya gogo akitazama jua.

"Hoza, unasimamisha ngazi au unachimba kaburi?"

"Nachimba hili ili tusichimbe lile, Mjomba."

Mzee akacheka kidogo, akachoka kucheka. Alikataa mtu mwingine apande. Paa aliliezeka mwenyewe, alisema, na atalishusha mwenyewe. Hakubeba kitu mkononi. Msumeno na nyundo vilipandishwa kwa ndoo na kamba, na Mandia ndiye aliyevuta. Juu hapakuwa na pa kufunga ngazi, kwa sababu boriti ya kuifungia ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikitolewa. Kwa hiyo Zaina akaambiwa ashike.

Zaina alishika. Hoza akaingia ndani kutayarisha boriti mpya. Mandia akaketi kivulini, maana mabega yake yalikuwa bado yanauma. Hapo ndipo siafu walipotoka. Jembe la Hoza lilikuwa limefungua njia yao, nao wakaifuata hadi kwenye miguu ya Zaina, wakapanda ndani ya sketi. Aliyewahi kuumwa na siafu anajua kwamba mguu hukimbia wenyewe kabla ya akili. Zaina hakukimbia, wala hakulia, kwa kuwa angelia, babu yake angegeuka kutazama chini. Aliuma mdomo, akashika.

Boriti ikakatika kabla mzee hajaitarajia. Ncha yake ikaipiga ngazi ubavuni, miguu ya mzee ikateleza, akaporomoka vipago viwili na kuangukia cha tatu kwa uzito wake wote. Kipago kikalia, hakikuvunjika. Miguu ya ngazi ikasukumwa nyuma, vigingi vikaizuia. Ngazi nzima ikainama upande wa bonde, na Zaina akajitupa nayo upande wa pili, akaning'inia hadi ikasimama.

Mzee alishuka taratibu. Alipofika chini alikaa kwenye udongo, akaomba maji, akasema, "Aliyeniokoa leo achukue randa." Kisha akaiona miguu ya Zaina, akaanza kuwabandua siafu mmoja mmoja.

Usiku huo hawakugombana kwa sauti. Walikuwa wamechoka mno. Mandia alisema kwamba ile ngazi ya buluu ingemmaliza baba yake hata kama jeshi zima lingeishika, na kwamba yeye alikwenda gulioni mara tatu huku akichekwa.

Hoza alisema kwamba ngazi nzuri iliyosimama vibaya ni njia fupi ya kufika chini. "Na wewe, Zaina," akaongeza kwa upole, "ulishika kitu kilichokuwa kimesimama tayari."

"Kimesimama juu ya siafu wako, Baba mdogo," Zaina akajibu.

Hoza akamsogezea kichupa cha mafuta ya kupaka.

"Nyinyi mlimaliza kazi zenu mkapumzika," Zaina akasema. "Babu alipoanguka, kazi yangu ilikuwa haijaisha."

Mandia akamwambia pole, mwanangu, lakini kushika ngazi kila mwenye mikono anaweza. Zaina aliendelea kupaka mafuta miguu yake.

Siku tatu mzee hakutamka jina. Kila akimwondoa mmoja mawazoni, alijiona amelala chini ya ngazi. Akimwondoa Mandia, kipago kinakatika. Akimwondoa Hoza, miguu inateleza. Akimwondoa Zaina, anaangukia bondeni. Tena aliona kwamba wawili atakaowanyima watalazimika kuomba kazi au kuondoka, na hakuna kati yao mwenye pa kwenda.

Siku ya nne aliiweka randa juu ya meza ya karakana, akawaita wote watatu.

"Mimi nawapenda, kwa hiyo siwezi kuhukumu," akasema. "Mwiteni mtu asiye wa nyumba hii. Atakayetajwa naye, huyo huyo."

Wakasimama mlangoni wakitazama njia. Asiye wa nyumba ile ni wewe uliyekaa hapa ukinisikiliza. Ingia, randa iko mezani, nao wanakutazama mkono. Utamkabidhi nani?