Mzee wa Mfereji na Askari wa Moyo Wake

Ndugu zangu, huko mlimani kulikuwa na mzee mmoja, msimamizi wa mfereji wa maji ya mashamba. Ukingo ukibomoka, anapuliza pembe, na kila anayeisikia anakuja mbio na jiwe au bonge la udongo, kuziba.

Siku moja kifua kikaanza kumbana. Hatua kumi, anaketi. Msimcheke! Mimi niliyekula chapati kwenye stendi za mabasi za nchi nne, ngazi tatu za madhabahu hii zinanitoa jasho.

Hospitalini akamkuta daktari, binti wa kulekule mlimani, rika la mjukuu wake.

"Baba, mshipa wa moyo wako umeziba."

"Mafuta, siyo? Basi nyama ya kitimoto naacha."

"Mafuta yapo. Ila humo wamejaa pia askari wa mwili wako, chembe nyeupe za damu. Ukuta wa mshipa ulipodhurika, walikuja kuyala hayo mafuta. Wakavimbiwa, wakafia humohumo. Wenzao wakaja kusaidia, nao wakanasa."

Mzee akasahau maumivu, akasogeza kiti.

"Yaani nimezibwa na waliokuja kuniokoa? Nipe dawa iwamalize wote!"

"Nikiwamaliza wote, kikohozi cha mjukuu wako kitakuzika."

"Sasa mbona hawaendi makwao?"

"Kule kwenye mfereji, watu huacha lini kuleta mawe?"

"Pembe ikinyamaza, binti yangu."

Daktari akanyoosha mkono, akachomoa pakiti ya sigara mfukoni mwa shati la mzee, pale pale juu ya moyo.

"Pembe mojawapo ni hii; moshi wake unaudhuru ukuta, askari wanaitwa tena. Unaipuliza mara ngapi kwa siku?"

"Ishirini." Akakohoa. "Kukiwa na msiba, ishirini na tano."

Akaitazama pakiti ikitumbukia kwenye ndoo ya taka kama mtu anayezika ndugu.

Na sisi je? Ule ugomvi wetu wa kwaya si uliisha mwaka juzi? Lakini kila wiki tunausimulia upya, na kila anayetusikia anakuja na jiwe lake kututetea. Kisha tunapiga magoti: "Bwana, mbona upendo haupiti tena katika kanisa hili?" Tunawalaumu watetezi! Wamekosa nini? Wanatupenda. Wameitwa, wamekuja. Nani anawaita?

Mimi nilikuwa nimejiwekea dakika tano za mwisho niwaeleze upande wangu wa ugomvi ule. Nimeuandika vizuri, una hata vichekesho.

Siusomi. Tusimame tuombe.