Kamera Yenye Hadhi

Kikao cha Dharura cha Kuteua Kamera ya Video ya Halmashauri kilikuwa na sauti moja tu, ya Mkurugenzi Lugendo. Alitaka ile kubwa, nzito kama kinu. Zamda, mpiga picha ambaye angeibeba begani kutwa, alitaka ndogo.

"Kubwa ina hadhi, binti!"

"Kweli kabisa, mheshimiwa. Basi ijaribu wewe mwenyewe mbele ya watu. Mwalimu Mbaruku atatoa neno fupi la shukrani, nawe urekodi. Usiitue tu, picha itakatika."

Mkurugenzi akaipandisha begani, kifua mbele.

Kufikia alasiri, mwalimu alikuwa bado anawashukuru marehemu.

"Zamda," Mkurugenzi alinong'ona, jasho likimtiririka, "ile ndogo nayo si ina hadhi yake?"

"Tele, mheshimiwa."

Ikanunuliwa ndogo. Zamda ndiye aliyekuwa amemsihi Mwalimu Mbaruku mapema asisahau kumshukuru mtu yeyote.